Farasi Aliyeogeshwa kwa Mchele

Kuzuhara, 8 Aprili 1979

Mwanangu Mitsuyo,

Cheri zimechanua, theluji imebaki upande wa kivuli tu, na mimi ni mzima kama gogo la mwaloni. Basi, hali ya hewa nimeshaitaja. Mwalimu wangu wa darasa la nne alisema barua isiyotaja hali ya hewa ni barua ya mtu anayedai. Hilo ndilo somo la mwisho alilonipa kabla shule na mimi hatujaachana kwa amani.

Barua yako nimeisoma mara moja kimoyomoyo na mara moja kwa sauti mbele ya picha ya marehemu baba yako. Hakusema kitu, kwa hiyo nasema mimi: nimekubali. Siku watakapokuja kuleta zawadi za uchumba, nitakaa mahali pa baba yako, nitavaa koti jeusi lenye nembo ya ukoo, na nitakohoa kama mtu mwenye mashamba. Nimekulea tangu ukiwa na meno mawili. Nani mwingine akae pale? Paka?

Jambo moja hukuliandika: kijana ni wa wapi? Awe wa popote. Awe wa kisiwani, awe amezaliwa ndani ya treni. Mradi asiwe wa Nibukawa.

Najua unajua, lakini mji huosha watu vichwa, kwa hiyo nakukumbusha. Ngome yetu ya Hiyodori ilipozingirwa, Bwana Ozasa alikuwa kileleni na watu wetu wa Kuzuhara, na maadui wamejaa bondeni kama nzige. Wakasema, hatupigani, tunangoja kiu iwamalize. Ndipo babu yetu Nagusa Heinai, ambaye damu yake inachemka ndani yangu hadi leo, alipotoa shauri: aletwe farasi, asimamishwe ukingoni kwenye kile kitalu cha juu, yaani uwanja uliosawazishwa wa kileleni, amwagiwe mchele kwa ndoo. Kwa mbali mchele mweupe unameremeta kama maji. Maadui wakatazama juu. "Lo! Wanaogesha farasi! Hao hawana kiu." Wakaanza kukunja mahema. Kisha shomoro wakatua wakaanza kudonoa hayo maji. Hata hapo maadui walikuwa bado wanabishana, maana nani ataanza kumsadiki shomoro? Lakini kikongwe mmoja wa Nibukawa akaenda kambini kwao kwa miguu yake mwenyewe, akawaonyesha bomba la mianzi lililopeleka maji ngomeni kwa siri. Wakalikata. Ngome ikaanguka. Heinai alikufa na mishale saba mwilini, na inasemekana alimaliza kwanza chakula chake.

Tangu siku hiyo mtu wa Kuzuhara hanywi kitu Nibukawa. Si chai, si maji, si supu. Mimi nimepita kijiji kile maisha yangu yote, jua kali na baridi kali, mdomo nimeufumba kama chaza.

Habari nyingine: watu wa televisheni wanataka kusimamisha mlingoti pale kileleni, na sheria inasema lazima kwanza pachimbwe ionekane kuna nini chini. Kuna nini! Si wangeniuliza mimi.

Baba yako mdogo,
Nagusa Gohei
Mlinzi wa Ngome ya Hiyodori (cheo nilijipa mwenyewe, lakini hakuna aliyekipinga)


Mjini, 21 Aprili 1979

Baba mdogo,

Huku cheri zimeshapukutika. Asante kwa kukubali. Nitalipeleka koti lako kwa dobi ukilileta. Mara ya mwisho lilikuwa na ukungu begani.

Kijana kwao ni upande wa mtoni. Ni mtulivu. Hana wazazi wakali, ila bibi yake anasemekana ni mtu wa misimamo. Mengine tutazungumza tukionana.

Vitu vitakavyochimbwa Hiyodori vitaletwa hapa kwenye ghala letu la vitu vya kale, na nitaviosha mimi. Nimeshaosha vyombo vya ngome nyingi. Kwa kadiri nilivyoona, watu wa ngomeni walivunja bakuli mara nyingi zaidi kuliko walivyovunja maadui.

Wachimbaji wakifika, tafadhali wapokee vizuri. Wapimaji pia.

Mitsuyo


Kuzuhara, 20 Mei 1979

Mwanangu,

Miche ya mpunga iko kijani, vyura wanapiga kelele kama baraza la kijiji. Wachimbaji wamefika.

Mkuu wao ni bwana mmoja mwenye kofia ya majani ambaye husema "inawezekana" kila nikimaliza sentensi. Nikamwambia hapa palikuwa na lango la chuma. "Inawezekana." Nikamwambia Heinai aliwahi kumrusha dubu juu ya lile handaki la mashariki. "Inawezekana." Mtu wa namna hiyo humalizia maisha bila adui na bila rafiki.

Lakini kuna kijana mmoja mpimaji! Huyo nimempenda. Jina sikumuuliza, mimi huwapa watu majina yao wenyewe: nimemwita Kamba, kwa sababu kutwa anakokota kamba ya kupimia kutoka kitalu hadi kitalu, anachora kila jiwe la ukuta kama anachora uso wa mchumba. Na anasikiliza! Wenzake wakiniona napanda na fimbo yangu, wote ghafla wanapata kazi upande wa pili wa mlima. Kamba anakaa.

"Mzee Gohei," ananiuliza, "farasi alisimama wapi hasa?"

"Hapo ulipokanyaga."

Akaruka pembeni kama aliyekanyaga kaburi. Halafu akainama, akapima, akaandika. Mitsuyo, maisha yangu yote nimemsimulia farasi yule, na hakuna binadamu aliyewahi kumpimia mahali pake.

"Na shomoro walitoka upande gani?"

"Kwenye ile misonobari."

"Misonobari ile ina umri wa miaka hamsini, mzee."

"Basi kwa mababu wa misonobari ile."

Akacheka hadi kalamu ikamdondoka. Kasoro yake ni moja tu, tumbo bovu. Nikimmiminia chai: "Asante mzee, tumbo langu na chai havielewani." Nikimpa maji ya chemchemi yetu, maji yanayofufua wafu: "Asante, nimeshiba." Nani anashiba maji? Anabeba chupa yake ya bati kutoka huko alikopanga. Uyoga wangu wa kuchoma anakula kwa mikono miwili, supu haonji.

Huyo wako wa mtoni, kama ana nusu ya masikio ya Kamba, umepata mume. Kama ana robo, bado sitalalamika.

Gohei


Mjini, 3 Juni 1979

Baba mdogo,

Mvua za majira zimeanza. Masanduku ya kwanza yamefika na nimeyaosha. Kuna bakuli, kuna jiwe la chini la kinu cha kusagia chai, kuna sahani ya buluu iliyotoka ng'ambo ikiwa vipande.

Nakuandikia mambo mawili kabla hujayasikia kwa wengine. La kwanza: hakuna majivu. Hakuna nguzo iliyoungua, hakuna ncha ya mshale, hata moja. La pili: kwenye kitalu cha pili wamepata shimo kubwa la kuhifadhia maji, limekandikwa udongo wa mfinyanzi pande zote. Lingewatosha watu wote wa ngomeni na farasi wao. Hawakuhitaji bomba la mianzi.

Ndani ya shimo hilo mmejaa mawe ya ukuta. Mawe ya pembeni tu, yale makubwa yanayoshika kona. Hayakuporomoka. Yaliviringishwa kwa mpangilio, mojamoja. Mkuu anasema, na safari hii hakusema inawezekana, kwamba hiyo ni ngome iliyovunjwa kwa amri baada ya vita vya nchi kwisha, ili isitumike tena. Na waliovunja kwa kawaida walikuwa watu wa palepale chini ya mlima.

Usiudhike. Ukuta uliobaki ni mzuri sana, ameuchora vizuri.

Kuhusu yule mpimaji, usimlazimishe chai.

Mitsuyo


Kuzuhara, 24 Juni 1979

Mitsuyo,

Mvua. Sina salamu nyingine.

Kuhusu hilo shimo: nani aliwahi kusema hakukuwa na shimo? Lilikuwepo. Lilipasuka kwa tetemeko juma lile lile la vita, jambo ambalo babu yangu alilisimulia mara nyingi sana, ila wewe ulikuwa umelala. Na majivu huoshwa na mvua. Na mishale watu waliiokota, mshale ni kitu chenye faida. Hayo nimeyamaliza.

Sasa lile jingine.

Jana tulijibanza sote chini ya turubai, mvua inapiga. Nimechemsha chai, kila mtu ana kikombe, hata bwana Inawezekana. Kamba kashika chupa yake ya bati. Bi Sawa, yule jirani yangu anayeuza mboga kila mahali, akapita na kikapu cha majani ya mlimani, akajisitiri nasi. Akamtazama kijana. Akanitazama mimi. Akaanza kucheka peke yake.

"Gohei, tumbo bovu nini? Huyu ni wa Nibukawa. Ndivyo wanavyokataa wote. Mimi nawauzia mboga miaka yote, na kila nikiwakaribisha kwangu wananipa hilo hilo tumbo. Hawanywi maji yetu."

"Wao ndio hawanywi yetu? Sisi ndio hatunywi yao!"

"Na wao hawanywi yetu."

"Tangu lini?"

"Tangu enzi za ngome. Hukujua? Utajuaje, wewe hujamkaribisha hata mmoja."

Mitsuyo, nilihisi mlima umehama. Miaka mia nne tumewanyima chai watu ambao hawakuitaka!

Nikageuka. "Kamba. Kwenu wapi?"

"Nibukawa, mzee."

"Jina?"

"Isobe Takuji."

"Na uyoga wangu umekula!"

"Uyoga si kinywaji, mzee."

Jibu zuri. Ndilo lililoniudhi zaidi. Kisha nikakumbuka barua yako. Usimlazimishe chai. Upande wa mtoni. Ameuchora vizuri. Mimi sina elimu lakini sina kichwa cha boga. "Unamjua Mitsuyo?" nikauliza. Alitoka nje ya turubai akapiga magoti kwenye tope, akainamisha kichwa hadi paji likagusa maji ya mvua, mbele ya watu wote.

Nikachukua birika langu la chai nikashuka mlima.

Umenidanganya miezi miwili, na umemtuma akae mbele yangu anipimie farasi. Olewa. Wewe ni mtu mzima na sheria iko upande wako. Lakini siku ya zawadi mimi nitakuwa msituni na uyoga wangu, na mahali pa baba yako patakaa wazi, na hao Isobe wataweka mizigo yao mbele ya nafasi tupu.

Gohei


Mjini, 15 Julai 1979

Baba mdogo,

Sikumtuma. Mkoa ulimpanga kule, kama unavyompanga mtu yeyote. Nilimwomba tu asiseme jina la kijiji chake mpaka nitakapokuja mwenyewe kukuambia. Hilo ni kosa langu na si lake. Yeye alitaka kusema siku ya kwanza. Ya pili alikuwa ameshakusikia ukisimulia, akaogopa utaacha.

Nimemaliza kuosha vitu vya shimo la maji. Chini kabisa, chini ya mawe, hapakuwa na mifupa wala silaha. Palikuwa na matope laini na majani ya mwaloni yaliyohifadhika vizuri, ya mwanzo wa kipupwe. Walivunja ngome yao baada ya mavuno, walipopata nafasi. Ninapofikiria jinsi ilivyokuwa, sioni vita. Naona watu wanaoamka na kukunja matandiko.

Siandiki haya ili nikushinde. Ngome ni yako zaidi kuliko yetu sote; sisi tunaijua kwa vipande.

Siku ya zawadi ni tarehe 11 Novemba. Sitamweka mtu mwingine mahali pale. Siombi uipende Nibukawa. Naomba ukae.

Mitsuyo


Nibukawa, 27 Agosti 1979

Kwa Bwana Nagusa Gohei,

Joto la mwisho wa kiangazi bado ni kali, na ndiyo sababu ya barua hii. Mimi ni Isobe Kiyono, mama yake Takuji. Tumeshakutana, ingawa huenda hukumbuki vizuri.

Siku ya pili ya sikukuu ya wahenga ulifika langoni kwetu umevaa koti jeusi la sherehe katikati ya jua. Tulikukaribisha kivulini ukasema mtu wa Kuzuhara hana haja na kivuli cha Nibukawa. Tulikuuliza una shida gani. Ukasema umekuja kukataa, lakini kwanza tusikie unakataa kwa sababu gani. Kisha ukaanza kusimulia kuzingirwa kwa ngome, tangu nzige hadi farasi. Majirani walitoka. Nakiri unasimulia vizuri. Ulipofika kwenye shomoro ukaanguka.

Naandika ili moyo wako utulie juu ya jambo moja. Ilibidi tukumwagie maji. Takuji alimwaga ndoo tatu, kichwani na kifuani. Lakini mama mkwe wangu, Bibi Toku, alikuziba mdomo kwa kitambaa kikavu muda wote ili hata tone lisiingie. Alisema, "Huyu mjinga akizinduka akajua amekunywa, atakufa tena." Hukunywa. Majirani wote ni mashahidi.

Takuji alikubeba mgongoni hadi Kuzuhara. Anasema ulizinduka mlipokuwa mnapita daraja na ukaendelea palepale kwenye shomoro.

Labda si vibaya ujue kwetu inasimuliwaje. Kwetu hakuna kikongwe. Kwetu watu wa ngomeni walipoona wanashindwa, walimtupa farasi aliyekufa ndani ya kijito, ili maadui wasipate maji ya kunywa. Maadui walikuwa na maji yao. Waliokunywa ni watoto wa Nibukawa. Farasi nadhani ni huyo huyo wako, ila kwetu amekufa.

Mwanangu sasa anasema hakuna mzingiro wowote uliotokea. Nimemwambia asimwambie bibi yake kabla ya mavuno.

Tutakuja tarehe 11 Novemba kama tulivyopanga, ukiwepo usiwepo. Lakini kama utakuwepo, kuna tatizo la adabu. Mgeni akileta zawadi za uchumba hunyweshwa. Sisi hatuwezi kunywa kwako. Wewe ukija kwetu kurudisha heshima, huwezi kunywa kwetu. Bibi Toku ana miaka themanini na mbili na habadiliki. Wewe mwenyewe tumekuona. Tufanyeje?

Isobe Kiyono


Kuzuhara, 10 Septemba 1979

Bi Kiyono,

Panzi wameanza kulia na mpunga umeinamisha vichwa. Nimepata barua yako.

Kwanza, sikuanguka. Nililala chini ili kuonyesha jinsi Heinai alivyolala baada ya mshale wa kumi na moja. Ni sehemu ya hadithi. Watu wengi hawaielewi mara ya kwanza.

Pili, mwanao hakunibeba. Niliona kijana anahitaji mazoezi ya mgongo nikamsaidia. Ana mgongo mzuri. Hakunitikisa hata penye mawe, na nilipofika kwenye kikongwe wa Nibukawa niliona shingo yake imekuwa nyekundu, lakini hakunikatiza. Akasema tu, "Na halafu, mzee?" Mimi nina wapwa na binamu wa kujaza basi zima, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia na halafu.

Tatu, mmenimwagia maji kweupe, mbele ya kijiji kizima, kama yule farasi. Tofauti ni kwamba yenu yalikuwa maji ya kweli. Nimelifikiria hilo siku nyingi nikigeuza magogo ya uyoga, na bado sijui nilitie wapi.

Habari ya farasi aliyekufa sikuwahi kuisikia. Si kweli. Lakini kama ningekuwa nimeisikia nikiwa mtoto, na mimi nisingekunywa.

Sasa tatizo la adabu. Jibu ni soda. Soda ya limau, ya chupa, inatoka kiwandani mbali kabisa, maji yake hayajui Kuzuhara wala Nibukawa. Nimemuuliza mwenye duka hapa, anasema yanatoka Osaka. Watu wa Osaka hawajawahi kumsaliti mtu wa huku, labda kwenye biashara. Nitaimimina kwenye vikombe vyekundu vya sherehe na tutainywa kwa uso wa wanywaji wa sake, ule mvinyo wa mchele. Mwambie Bibi Toku chupa zitafunguliwa mbele yake.

Mahali pa ndugu yangu nimepashonea mto mpya. Ukikaa bila mtu utaingia nondo.

Nagusa Gohei


Mjini, 2 Machi 1980

Baba mdogo,

Plamu zimechanua nyuma ya ghala. Ndoa yetu inaendelea vizuri. Takuji bado anapaliwa na kicheko akikumbuka siku ya zawadi, Bibi Toku alivyopandisha soda puani na kusema kwa heshima zote kwamba mvinyo wa Osaka una hasira. Na wewe ulikohoa kama mtu mwenye mashamba, kama ulivyoahidi.

Ripoti imetoka. Mlingoti utajengwa kilima cha pili. Hiyodori itabaki kama ilivyo, vitalu, mahandaki na ukuta usio na kona. Mwezi wa nne watasimamisha kibao njiani, kwenye lango la juu. Nakunakilia maneno yake usije ukayasoma kwanza mbele ya wageni: "Ngome hii haikushambuliwa. Ilivunjwa kwa amani na wakazi wa mabonde haya mawili."

Mabonde mawili ni sahihi. Kwenye mawe ya shimoni kuna alama za wachonga mawe wa pande zote.

Nilimwomba mkuu aongeze neno kuhusu farasi. Alisema kibao si mahali pake. Sijui utasimulia nini sasa, na nimeona afadhali nikuulize kuliko kukaa nikikisia.

Mitsuyo


Kuzuhara, 18 Mei 1980

Mwanangu,

Miche iko kijani tena. Usinionee huruma, mimi si mjane.

Kibao kimesimama. Kimepinda kidogo kushoto, nimekinyoosha kwa bega. Nimekisoma. Ni kifupi sana, na hakina hata mnyama mmoja.

Jumapili walikuja wapanda milima, wazee wastaafu wenye soksi nyekundu, wakaniomba niwaongoze. Nikawasimulia. Nzige, kiu, farasi, mchele, shomoro, vyote mahali pake. Nikafika kwenye kikongwe. Hapo nikakohoa, maana nyuma ya kundi alisimama mtu ambaye sikumtarajia: Bibi Toku, na fimbo yake na mavazi ya safari, amepanda mlima wetu kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Mumeo alikuwa anamsukuma mgongoni taratibu. Ulijua? Hukuniandikia. Ukoo wenu una siri nyingi.

Yule bibi akaniangalia bila kupepesa. Mimi nikamwangalia. Wenye soksi wakasema, "Halafu, mzee?"

Nikasema: halafu maadui wakamkamata kikongwe mmoja wa Nibukawa, wakamwambia, tuonyeshe maji ya ngome yanapopita. Akasema, nifuateni. Akawapeleka bonde la kwanza, akawapeleka bonde la pili, wanachimba hapa, wanachimba pale, anawaambia bado mbele kidogo, bado mbele kidogo. Mwanamke ana miguu kama mbuzi! Jeshi zima likaishia mkoa wa jirani na majembe mikononi.

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, wale wa kunyoosha kidole, akaniuliza: "Lakini kibao kinasema ngome hii haikushambuliwa."

"Ndiyo," nikamwambia. "Aliwapoteza vizuri sana. Hadi leo hawajafika."

Bibi Toku hakucheka. Alitazama chini, upande wa Nibukawa. Kisha akaniambia ana kiu.

Mumeo akatoa haraka ile chupa ya bati yenye maji ya kwao. Bibi Toku akaisukuma pembeni kwa fimbo, akanigeukia mimi.

Baba yako mdogo,
Gohei